Ufunguo Chini ya Kisahani

Mwisho wa korido ya ghorofa ya pili, ukishapita mashine ya fotokopi na kabla hujazifikia ngazi za nyuma, palikuwa na chumba ambacho wafanyakazi wa siku nyingi walikiita Jikoni. Zamani kilikuwa jiko la chai kweli. Baadaye kampuni iliona chai inawapotezea watu muda, jiko likaondolewa, ikaingizwa meza na viti sita, na mlangoni pakabandikwa kibao cha chumba cha mikutano. Lakini sinki lilibaki ukutani na bomba lake, soketi ya birika ilibaki, na kioo cha dirisha kilibaki na ile rangi nyeupe iliyopakwa ili watu wa jengo la pili wasichungulie ndani. Kampuni yenyewe ilikuwa ya bima. Iliuza bima za magari, za nyumba na za maisha, na katika ghorofa zake zote hapakuwa na chumba kingine ambamo mtu angeweza kujifungia asionekane, ukiacha vyoo.

Ufunguo wa Jikoni ulikuwa kwa Shangazi.

Huyu Shangazi hakuwa na mpwa hata mmoja katika ofisi ile. Alikuwa mwanamke wa mapokezi, mjane, mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni na magoti yaliyoanza kumsaliti kwenye ngazi. Alikuwa amelea watoto wawili wa kiume, na sasa aliishi kwa yule mdogo, fundi wa majokofu, na mkewe. Alikuja pale akiwa msichana, akawekwa kwenye ubao wa simu, akazijua sauti za wakurugenzi waliokwisha kufa kabla hawa wa leo hawajaanza kuvaa suruali ndefu. Ubao wa simu ulipoondolewa alihamishiwa mapokezi, na pamoja na mapokezi akapewa kazi ya kugawa vyumba.

Nyuma ya kiti chake palitundikwa ubao mweupe wenye mistari mitatu. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Baraza, chumba kikubwa chenye meza ndefu. Wa pili ulikuwa wa Kioo, chumba cha kati, kilichoitwa hivyo kwa sababu ukikaa ndani unaonekana mpaka soksi. Wa tatu ulikuwa wa Jikoni. Ukitaka chumba ulikwenda kwa Shangazi. Ulimsalimia kwanza, maana usiposalimia vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Ulimuuliza hali ya magoti. Kisha ulieleza shida yako, naye akakutazama kwa juu ya miwani. Mwenye mgeni mmoja akiomba Baraza, alimwambia, "Baraza ya nini, mwanangu? Mnataka kukimbizana?" Akijua idara mbili zimenuniana, hakuziweka vyumba vinavyopakana. Mkubwa aliyetaka kumwachisha mtu kazi alipewa Jikoni, karibu na ngazi za nyuma, ili yule anayeachishwa asipite na uso wake mbele za watu. Hakuna aliyemfundisha hayo wala aliyemshukuru kwa hayo. Siku hizo kazi ilikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, yaliyofanywa kwa sababu tu yalipaswa kufanywa. Leo ukiyataja, wanaokusikiliza wanatazamana.

Kubwa kuliko yote lilikuwa lile la ufunguo.

Shangazi alipojifungua mtoto wake wa kwanza na kurudi kazini, kifua kimejaa na akili imebaki nyumbani, alipelekewa kikombe cha chai na karani mkuu wa wakati ule. Alikuwa mzee mkavu, asiyecheka, ambaye hakuwahi kumpelekea mtu chai maishani mwake. Aliweka kikombe mezani akaondoka bila neno. Shangazi alipoinua kisahani akakuta ufunguo wa Jikoni. Basi, ndiyo hivyo tu. Mama yake mzazi akawa anamleta mtoto kwa ngazi za nyuma, asubuhi na alasiri, ananyonya, anarudishwa, na mpishi wa chai anatoka nje kama mtu aliyekumbuka jambo. Mtoto alipoacha ziwa, Shangazi aliurudisha ufunguo kwa njia ile ile, chini ya kisahani cha karani mkuu. Mzee aliutia mfukoni bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Alipostaafu alimwachia yeye.

Tangu hapo kila mwanamke aliyerudi kutoka likizo ya uzazi aliukuta ufunguo chini ya kisahani siku yake ya kwanza. Mwanzoni waliletewa watoto. Baadaye zikaja pampu za kukamulia, wakawa wanakamua, wanasuuza vyombo kwenye sinki, na chupa wanaificha kwenye friji dogo la mapokezi, nyuma ya maji ya wageni. Wanaume wa ofisi walijua na papo hapo hawakujua, kwa namna ambayo wanaume wa zamani waliiweza. Ubaoni Shangazi aliandika "Jikoni: kuna mtu," na hakuna aliyeuliza ni mtu gani. Hapakuwa na hotuba, hapakuwa na picha ya mama na mtoto mlangoni. Watoto walikua.

Kisha akaja meneja mpya wa utawala. Hakuwa mtu mbaya, na sababu alikuwa nayo. Shangazi alipokuwa likizo, watu wa mauzo na watu wa madai walikutana mlangoni pa Baraza, kila upande na wageni wake, wakatoleana maneno mbele ya wateja mpaka mteja mmoja akaondoka. Meneja alisema ofisi haiwezi kutegemea kichwa cha mtu mmoja. Alisema kweli, na kweli hiyo ilimuuma Shangazi kuliko uongo wowote.

Ikaletwa kalenda ya pamoja, inayokaa ndani ya kompyuta na simu ya kila mfanyakazi. Ubao mweupe ukang'olewa, yakabaki matundu ya misumari. Vyumba vikaitwa A, B na C. Vitasa vikabadilishwa, mlango ukawa haufunguki ila kwa kadi ya aliyehifadhi chumba au ya wale aliowaalika. Kando ya kila mlango ikawekwa skrini ndogo ya kuonyesha mkutano ni wa nini na umeitishwa na nani. Na mashine haikumkubali mtu peke yake: ilitaka jina la mkutano, ikataka na waalikwa.

Shangazi aliambiwa kwamba sasa yeye ni msimamizi wa kalenda. Maana yake ilikuwa kupanga viti. Watu walipita mapokezi vichwa vimeinama, vidole vinasugua simu, wakaingia chumbani na kutoka bila kumwomba mtu kitu, na mtu asiyekuomba kitu hana sababu ya kukusalimia. Walihifadhi vyumba wasivyovihitaji, wasiende, na wengine wakazunguka korido na wageni wao huku vyumba vitatu viko vitupu na vyote vinasema vimejaa. Ufunguo wa Jikoni ulibaki kwenye pete yake, haufungui kitu.

Hapo ndipo aliporudi Bi Harusi.

Bi Harusi alikuwa mhasibu kijana. Jina hilo alipewa na ofisi kwa kuwa alianza kazi wiki moja baada ya ndoa, likamganda hata baada ya kuwa mama. Katika chumba cha uhasibu alikuwa mwanamke peke yake, chini ya mkuu wa idara mwenye ulimi usio na breki. Tumbo lilipokuwa kubwa, mkuu huyo alimuuliza mbele ya wenzake kama mzigo ule ameukatia bima, na chumba kizima kikacheka kwa siku mbili. Sasa amerudi, amekonda usoni, na begi kubwa begani.

Shangazi alimpelekea chai kwa mazoea. Bi Harusi alikuwa ameshasikia habari za ufunguo kwa wanawake wenzake, akainua kisahani. Chini yake palikuwa na meza tu. Wakatazamana.

"Shangazi, niliambiwa kuna kitu."

"Kilikuwepo, mwanangu," Shangazi alisema. "Mlango umekikataa."

Baadaye, ngazini, Bi Harusi alimweleza yote. Mtoto alikuwa hataki maziwa ya kopo. Mama mkwe amejaribu la aina hii na la aina ile, na yote mtoto anayatapika mpaka anabaki analia bila sauti. Kinachokaa tumboni mwake ni cha mama yake tu, kinywewe kwa chupa au kwa kikombe. Asipokamua asubuhi na alasiri, maziwa yatakata, na yakikata ataacha kazi, hakuna la kujadili. Lakini jina lake lisionekane mlangoni. Alimshika Shangazi mkono na kumwapisha. Yule mkuu akijua, alisema, kila siku itakuwa siku ya utani. Afadhali kuacha kazi kuliko hilo.

Shangazi aliapa, akarudi mapokezi, akavaa miwani, akafungua kalenda.

Jina la mkutano halikumsumbua. Mtu aliyekaa mapokezi umri wote anayajua majina ambayo hayana mwenye kuyauliza. Aliandika: Kamati ya Maandalizi. Mara mbili kwa siku, baada ya chai ya asubuhi na alasiri, kila siku ya kazi, bila mwisho. Mwitishaji: Mapokezi. Kisha mashine ikauliza inamwalika nani, na juu kabisa ya orodha palikuwa pameandikwa "Wafanyakazi Wote."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa sababu ya ubao wake. Enzi za ubao, chumba kilikuwa salama kwa kuwa kila mtu ameona kwamba kina mwenyewe. Kumwonyesha mtu kulikuwa ni kumzuia. Shangazi aliona wafanyakazi wote wakionyeshwa kamati hiyo, wote watakaa mbali nayo, na Bi Harusi naye ni mfanyakazi, kadi yake itafungua. Akabonyeza. Alisikia simu zikinguruma ghorofa nzima kwa pamoja, akadhani ni tangazo la kampuni ya simu.

Kesho yake baada ya chai alimwona Bi Harusi anapita na begi lake, naye akamfuata taratibu kwa mbali ili ahakikishe kwamba kadi inafanya kazi. Haikuhitajika kadi. Mlango ulikuwa wazi na watu wamefurika mpaka koridoni. Viti sita vilikuwa na watu kumi, mwanasheria wa kampuni ameegemea sinki, watu wawili wa mauzo wamekaa juu ya kizingiti cha dirisha. Bi Harusi alisimama mlangoni na begi lake, na kabla hajageuka mtu mmoja mwenye adabu alimpisha kiti. Akakaa. Angefanya nini?

Wote walikuja, na hakuna aliyejua amekuja kufanya nini. Walipopata mwaliko walibonyeza "Nakubali," kama wanavyobonyeza kila kitu. Zamani mtu akikuita ulimuuliza unaniitia nini. Sasa kuuliza kumekuwa ni kukiri kwamba wewe huna habari, na katika ofisi ile kukosa habari kulikuwa kama kukosa suruali. Isitoshe, minong'ono ilikuwa imeshaanza. Wengine walisema ni maandalizi ya sherehe ya kampuni, wengine wakasema ni maandalizi ya kupunguza watu, na waliosema hivyo ndio waliofika mapema. Kamati inayokutana mara mbili kwa siku, walisema, haiwezi kuwa ya mchezo.

Kiti cha mbele alikikalia afisa mkuu wa madai, ambaye ofisi ilimwita Mheshimiwa kwa sababu hakuweza kuomba chumvi mezani bila utangulizi. Alikohoa, akanyoosha tai.

"Ndugu wajumbe," alisema, "kama sote tunavyofahamu, maandalizi ni jambo ambalo haliwezi kufanywa bila kujiandaa."

Watu waliandika.

Siku ile Bi Harusi alikamua chooni, kwa mkono, kwa kuwa hapakuwa na soketi, huku watu wanagonga mlango. Alipata kidogo, na hicho kidogo akakimwaga, maana hakuona pa kukisuuzia chombo mbele ya watu. Shangazi naye alikwenda kwa fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye upara na maneno machache, akamwomba amfutie ule mkutano.

"Shangazi, ukiufuta, kila mmoja atapata taarifa," alisema fundi, "na mashine itakutaka uandike sababu."

"Mashine inataka sababu? Watu wenyewe hawakuitaka."

"Ndiyo maana wakaweka mashine."

Alimwonyesha mahali. Shangazi alirudi kwenye meza yake akakaa mbele ya kile kiboksi kilichosema "Eleza sababu kwa waalikwa wote." Kweli alikuwa ameapa kutoisema. Uongo alikuwa ameutumia mmoja, na huo mmoja ulikuwa umejaza chumba watu. Alivua miwani bila kuandika chochote.

Akaamua kwenda kwa meneja amweleze kwamba amekosea kubonyeza, bila kutaja mtu. Lakini kabla hajafungua mdomo meneja alisimama, akafunga mlango, akamshukuru kwa mahudhurio mazuri ambayo hayajawahi kuonekana. Kisha akashusha sauti. "Lakini niambie kweli, Shangazi. Mkurugenzi alikuambia nini hasa?"

"Hakuniambia kitu, bosi."

Meneja akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyeona siri inavyotunzwa. Na juu, kwenye ghorofa ya mwisho, mkurugenzi aliamini kamati ile ni kazi ya meneja, akaona haya kumuuliza meneja wake jambo ambalo yeye mkurugenzi alipaswa kulijua. Akawaambia wakubwa zake kwamba maandalizi yanakwenda vizuri. Ikawa hivyo: ngazi nzima ya kampuni, toka chini hadi juu, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa jambo lisilokuwepo.

Wiki haikuisha kabla Mheshimiwa hajaunda kamati ndogo ndogo, nazo zikahifadhi Jikoni kwa saa zote zilizobaki. Bi Harusi akawa mtu wa chooni. Ijumaa alikuwa na homa, na titi moja limekuwa gumu kama jiwe. Mama mkwe alipiga simu kusema mtoto amelala bila kushiba. Shangazi alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto kwenye kona ya stoo ya karatasi, ameupa mlango mgongo wake mpana kama pazia, na pale stoo Bi Harusi alimwambia kwamba ameshaandika barua ya kuacha kazi. Ataitoa Jumatatu.

"Subiri Jumatatu jioni," Shangazi alisema. "Usiitoe asubuhi."

"Jioni kutakuwa na nini?"

Shangazi hakujua. Alitaka tu pawe na siku moja katikati.

Jumatatu baada ya chai kamati ilikaa. Safari hii Shangazi naye aliingia, akasimama nyuma karibu na bomba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yake yote. Vyumba aliwatafutia wengine, yeye hakuwa mtu wa mikutano. Mheshimiwa alitangaza kwamba leo kila idara itatoa taarifa ya hatua iliyofikia. Mauzo wakasema wamefikia hatua nzuri. Mwanasheria akasema kisheria hakuna kipingamizi. Ikafika zamu ya uhasibu, na mkuu wa uhasibu, ambaye hakuwa na neno la kusema, akaona njia ya kuponea.

"Atawasilisha Bi Harusi," alisema. "Amepumzika miezi kadhaa huko, ana nguvu mpya."

Wachache wakacheka. Bi Harusi alisimama. Alikuwa amekumbatia faili kifuani kwa mikono miwili, na midomo yake haina rangi. Tangu alfajiri hakuwa amekamua.

"Weka faili chini, binti," Mheshimiwa alimwambia kwa upole wa mwenyekiti. "Usome vizuri, tukusikie."

Hakuliweka. Kutoka pale alipokuwa, Shangazi aliona kile ambacho wengine walikuwa hawajakiona bado: doa lililotokeza pembeni ya faili, kwenye blauzi, linaongezeka.

"Mkutano umekwisha," alisema Shangazi. "Naomba mtoke."

Hakuinua sauti. Aliisema kama alivyokuwa akiwaambia watu kwamba Baraza imejaa. Vichwa vikageuka. Mheshimiwa alitabasamu, akamwambia kwa staha kwamba mkutano unafungwa na mwenyekiti, sasa Shangazi anaufunga kwa idhini ya nani?

"Nenda mlangoni ukasome."

Mtu wa karibu na mlango alichungulia skrini, akasoma kwa sauti: "Kamati ya Maandalizi. Mwitishaji, Mapokezi." Akasoma tena, polepole. Walikuwa wamepita mbele ya skrini ile asubuhi na alasiri, siku zote hizo, na hakuna hata mmoja aliyegeuza jicho. Mapokezi ni Shangazi, na neno hilo lilikuwa limewaka pale wakati wote.

"Niliwaita mimi," alisema. "Niliwaita kwa makosa. Hakuna kinachoandaliwa. Kosa ni langu, nitalijibu kwa meneja. Sasa tokeni."

Mkuu wa uhasibu alikuwa wa kwanza kupata ulimi. Alitaka kujua, kwa sauti ya mzaha, huyu mama alikihitaji chumba hiki kwa shughuli gani ya siri mara mbili kwa siku, na mwenzake ni nani. Shangazi akafunga mdomo. Alikuwa ameapa, na ilionekana wazi kwamba atasimama pale mpaka jua lizame bila kujibu, waseme watakavyo.

Bi Harusi ndiye aliyeshusha faili.

"Ni mimi," alisema. "Mwanangu hali kitu kingine. Humu ndimo nilitaka kukamulia maziwa yake. Nilimwomba Shangazi asiseme." Alimtazama mkuu wake. "Na ule mzigo sikuukatia bima, mkuu. Umefika salama."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa uhasibu alitazama viatu vyake. Kutoka kwenye viti vya pembeni, karani wa masjala, mwanamke wa makamo asiyezungumza kwa kawaida, aliinuka, akakirudisha kiti chake chini ya meza, akasema kama anayejisemea, "Mimi nililelea wawili humu." Akatoka. Wengine wakamfuata kwa kusukumana, mwanasheria mbele, na waliokuwa dirishani wakashuka. Mheshimiwa alibaki wa mwisho, anakusanya karatasi zake, anatafuta maneno ya kufungia. Akafika mlangoni akageuka, akauliza kama kumbukumbu za kikao kilichopita zihesabiwe zimethibitishwa. Shangazi akamfungia mlango.

Bi Harusi alikaa mle ndani muda mrefu. Shangazi alisimama nje, mgongo mlangoni, magoti yanamlilia.

Meneja alimwita mchana. Ni lazima isemwe kwamba hakumgombeza. Alikuwa mwekundu wa macho kwa aibu, maana naye ana watoto. "Mngeniambia tu, Shangazi," alisema, akarudia mara mbili. Kisha akawa meneja tena. Alitaka kutengeneza utaratibu: chumba kipewe jina rasmi, pabandikwe alama mlangoni, na kila anayekihitaji ajaze maombi, mkuu wake wa idara aidhinishe.

"Bosi," Shangazi alimwambia, "msichana aliyeogopa jina lake lisomwe mlangoni, unampelekea mkuu wake akaidhinishe? Mimi naomba kitasa cha zamani tu."

"Lakini kalenda itajuaje kwamba kuna mtu?"

"Si lazima ijue."

Hilo lilimpa meneja shida ya kweli, ukamwona anavyohangaika nalo, mtu aliyefundishwa kwamba kisichojulikana na mashine hakipo. Aliyemtoa hapo alikuwa fundi wa kompyuta, aliyekuwa ameitwa kufuta kamati. Alisema bila kuinua kichwa kwamba chumba kinaweza kuandikwa "Hakitumiki," kama vile vinavyofanyiwa ukarabati, kikatoweka kwenye kalenda. Meneja akashusha pumzi. Jioni ile ile fundi mwenyewe alishuka na bisibisi, akaondoa skrini na kitasa cha kadi, akarudisha kile cha zamani kilichokuwa kimetupwa kwenye boksi la stoo. Shangazi alimshikia skrubu. Ile barua Bi Harusi aliichana vipande vidogo, akavitumbukiza kwenye pipa la mapokezi.

Kesho yake alipoinua kisahani, ufunguo ulikuwepo.

Kamati haikufa. Mkurugenzi alikuwa ameshawataarifu wakubwa zake, na hakuna aliyepata ujasiri wa kwenda kuwaambia. Ikahamishiwa Baraza, mara moja kwa wiki, Mheshimiwa mwenyekiti, na mpaka leo inaandaa.

Mtoto alikua, akaota meno, akaanza kula uji na kila alichopewa. Bi Harusi akaurudisha ufunguo chini ya kisahani cha Shangazi, siku chache kabla Shangazi hajastaafu. Shangazi aliuchomoa, akautazama, akautelezesha tena upande wa pili wa meza.

"Kaa nao wewe," alisema. "Yule wa mauzo aliyejifungua anarudi mwezi ujao."

Kwenye mapokezi sasa hakuna mtu. Kuna skrini inayokukaribisha ukiigusa. Wafanyakazi wapya wanazunguka korido ya ghorofa ya pili na wageni wao, simu mkononi, wanatafuta pa kukaa, na simu inawaambia A imejaa, B imejaa. Wanasimama mbele ya ule mlango wa mwisho, baada ya fotokopi. Wengine hata wanauegemea. Wanatazama simu, simu haiuonyeshi, wanageuka na kurudi walikotoka. Nyuma ya mlango mtu anafungua bomba, anasuuza vyombo vyake.